Nilichokiacha Nyuma ya Ua wa Makuti

Wanangu wa ofisini mlioniaga nilipostaafu mwezi uliopita kwa keki na saa ya ukutani, ahsanteni sana. Saa nimeitundika sebuleni, na sasa nakaa chini yake bila cha kuwahi. Ndiyo nikaona niwaandikie lile mlilokuwa mkiniuliza kila tukikaa kusubiri wageni waliochelewa: Bi Zuhura, wewe mtu wa Lindi, hizi lugha za Wazungu wa kaskazini ulizipata wapi? Nilikuwa nawajibu kwamba nilizinunua mnadani, zikiwa zimevaliwa kidogo. Leo nasema kweli, na kweli yenyewe ina aibu yangu ndani. Kijiji cha Kiswere kilikunywa maji ya chumvi viangazi vinne kwa sababu ya maneno ya mwanamke mmoja, ambayo mimi, mkalimani, niliyasikia yote nikayaacha palepale yaliposemwa.

Lakini nianze na siku ya kwanza. Mradi wa maji ulikuwa umepanga ghala la zamani la korosho hapa Lindi mjini, na harufu ya korosho haikutoka hata tulipopaka rangi mara mbili. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza niliyechoka na chaki. Nikafika asubuhi na gauni langu la kushonesha, nikakuta Wazungu watatu wamezunguka ramani, wanabishana. Nikatega sikio. Sikuambulia hata neno. Nikajisemea, Zuhura, umekwisha, umeomba kazi ya ukalimani na hujui hata wanagombana lugha gani.

Mkubwa wao alikuwa Inger, mwanamke wa Denmark, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Wazee vijijini walimwita Bwana Inga, kwa sababu mkubwa wa mradi ni bwana, na hawakuona haja ya kubadili mpango huo kwa ajili ya mtu mmoja. Wa pili alikuwa mchimbaji, Msweden. Jina lake lina vinukta juu vinavyonichosha, kwa hiyo nitamwita Yorani kama tulivyomwita. Wa tatu alikuwa Terje, fundi pampu, Mnorwe, mtu wa kunywa uji kwa chumvi. Nilipowauliza kwa Kiingereza wanazungumza lugha gani, Inger akashangaa swali.

"Kila mtu yake," akasema.

"Yaani lugha tatu? Na mnaelewana?"

"Tukitaka."

Jamani, niliduwaa. Mimi nilizaliwa na Kimwera cha bibi na Kiswahili cha mama, najua vizuri mtu kuchanganya lugha. Lakini watu watatu kukaa meza moja, kila mmoja na ya kwao, hakuna anayehama kwake, hakuna anayetafsiriwa, na kazi inakwenda! Nilisimama pale na mkoba wangu mkononi kama mtu aliyeingia msikiti asioujua, hajui avulie viatu wapi.

Na hapo ndipo daftari linapoingia. Kila kisima kilikuwa na daftari lake gumu, lenye jalada jeusi. Jioni kabla ya kuondoka, aliyekuwa zamu aliandika yaliyofanyika, na aliandika kwa lugha yake, maana wenzake watayasoma bila shida. Inger alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, daftari halijui kesho. Mipango na ahadi vilikuwa na makaratasi yao mengine. Mle yalikaa yaliyokwisha kufanyika tu, mazuri na mabaya. Ya pili, hakuna kufuta. Ukikosea unakata neno kwa mstari mmoja, ili kosa libaki linasomeka, kisha unaandika la sawa juu yake.

Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuyapanga madaftari hayo kabatini, na mtu mwenye udadisi hawezi kupanga vitabu asivifungue. Kwa hiyo wenzangu, watu wengine huanza lugha kwa habari za asubuhi. Mimi nilianza kwa walichimba, waliuliza, walikunywa. Nilikuwa siwezi kumwamkia mtu, ila naweza kumwambia bomba lilivunjika.

Nikanunua kaunta buku, nikachora safu tatu. Walichimba: Msweden anaandika borrade, mtu wa Denmark borede, Mnorwe boret. Terje mwenyewe akiandika ni boret, akifungua mdomo ni bora, na nilipomuuliza ipi sahihi alisema kwao watu wamenuniana kwa jambo hilo. Waliuliza: frågade, spurgte, spurte. Walikunywa: drack, drak, drakk. Waliandika nikakuta skrev, skrev, skrev, wote watatu sawa, nikashukuru Mungu kwa pumziko hilo.

Niwaambie kilichonishangaza zaidi. Sisi wakati tunauweka shingoni mwa kitenzi, ile -li- yetu, na mbele yake tunamtanguliza mtu: ni-li-andika, tu-li-andika. Wao kitenzi hakibebi mtu kabisa. Mimi skrev, wewe skrev, kijiji kizima skrev, haijali. Na wakati wanauweka mkiani, zile -ade na -ede na -et. Au, na hapa ndipo nilipoweka kalamu chini, hawauweki popote. Wanabadilisha tumbo la neno. Drikker anakunywa, drak alikunywa. Neno lileile, tumbo limegeuka, na jambo limekwisha kupita. Nilikuwa nasema peke yangu jikoni, drikker, drak, drikker, drak, mama akauliza kama nimeanza kuumwa.

Halafu siku moja nikakumbuka Kimwera cha bibi. Na chenyewe lililopita hupenda kuliweka mkiani, ile -ile yake ya mwisho! Miaka yote nilikuwa nayo nyumbani, bibi anaisema akipepeta mchele, na mimi nilikuwa nikimwonea haya mbele ya wageni. Nilimweleza Inger, akapiga meza kwa furaha. Akaniambia kwamba kuna kisiwa huko juu, Aisilandi, ambako kitenzi cha lililopita bado kinabadilika kufuata mtu, niliandika sivyo kama tuliandika, na kwamba zamani wote walikuwa hivyo, wenzao wakatua mzigo njiani. Sikulala vizuri kwa raha. Nilijiona nimeonyeshwa dirisha.

Inger ndiye aliyenifundisha kazi. Alisema mkalimani ana mguu mmoja kila upande na hana ruhusa ya kuketi. Nilimwelewa, nikamjibu ndiyo, halafu nikafanya nilivyozoea. Na mazoea yetu mnayajua. Barazani anayesema ni aliyepewa nafasi na mwenyekiti. Wanaume wako mbele kwenye mabenchi, wanawake wako nyuma ya ua wa makuti, wanasikiliza. Wakitupa neno kutoka kule, linaanguka hukohuko. Mimi mwanamke nilikuwa nakaa mbele, kwenye kiti, kati ya mwenyekiti na mgeni, na kiti kile nilikipenda. Nilikishika kwa kuwa makini kuliko wanaume wenyewe: aliyepewa nafasi nilimtafsiri, asiyepewa sikumsikia.

Tukafika Kiswere kutafuta mahali pa kuchimba. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mfaume, mtu mkarimu, mwenye sauti ya kuita waliopo baharini. Wazee wakaonyesha mahali chini, karibu na msikiti, pazuri, panafikika kwa gari. Vyombo vya Inger navyo vilisema maji yapo. Inger akawa anaandika. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya ua, kali, haina haraka.

"Mwambieni huyo mgeni hapo si mahali. Hapo palikuwa na kisima cha bibi yangu. Mvua ikikatika, bahari inaingia. Bibi akakihamishia juu, penye mkorosho wenye kovu la radi, na hakikukauka mpaka walipokifukia kwa sababu ya mtoto aliyetumbukia. Mwambieni."

"Nyamazeni huko nyuma," akasema mzee mmoja, bila ubaya, kama mtu anayefukuza kuku.

Inger akanyanyua kichwa. "Yule amesema nini?"

Wanangu, nilikuwa na kila neno mdomoni. Nikamtazama Mzee Mfaume, hakunipa ishara. Nikakishika kiti changu.

"Hakuna kitu," nikasema. "Wanawake wanazungumza mambo yao."

Inger akanitazama kidogo, akarudi kwenye karatasi. Kisima kikachimbwa chini, karibu na msikiti. Masika ile maji yalikuwa matamu, tukapikiwa pilau, Terje akacheza ngoma vibaya mno. Kiangazi kilipoingia, chumvi. Mwaka uliofuata vilevile. Wanawake wakarudi kwenye njia yao ya zamani, saa nzima kwenda na saa na nusu kurudi na ndoo. Na mimi nilijua. Siku ileile taarifa ilipokuja ofisini nilijua, nikaingia chooni, nikakaa mpaka mtu akagonga. Vijiji vingine vilikuwa kwenye foleni, mtambo ukaenda Kilangala, ukaenda kwingine. Nikajiambia wakirudi Kiswere nitasema. Hawakurudi, na mimi nikazidi kusifiwa kwa Kiingereza changu.

Mambo yakabadilika nchini. Enzi za ruksa ziliingia, biashara ikafunguliwa, sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikajaa madukani ya rangi tatu, mitumba ikashuka kwa marobota, kila nyumba redio kaseti. Tulifurahi, nisiwafiche. Lakini ruksa hiyohiyo ikafika ghalani kwetu. Wafadhili wakasema mradi unafungwa, visima vikabidhiwe wilaya, na mtambo wa kuchimba uuzwe kwa mtu binafsi wa Dar. Baada ya hapo, anayetaka kisima amfuate mwenye mtambo. Inger alikwisha kuondoka. Mkataba wake haukuongezwa. Yorani akabaki na mabomba ya kisima kimoja cha mwisho, akasema hicho atawapa Kiswere. Angekiongezea kina kisima kilekile cha chini, ashuke zaidi, pengine chini ya chumvi kuna tamu.

Mimi nikapewa kazi ya kutafsiri madaftari yote kwa Kiswahili, maana ofisi ya maji ya wilaya isingeweza kusoma lugha zile tatu. Nikakaa na mashine ya chapa na kaboni. Sijapata kufanya kazi nzuri kama ile. Watu watatu walikuwa wanasema nami kutoka kwenye makaratasi, kila mmoja na mikia yake, na wote walikuwa wakweli mpaka inatisha. Yorani ameandika alivunja bomba kwa sababu alikuwa na hasira. Terje ameandika alifunga pampu kichwa chini. Nani kwetu anaandika hivyo na kuweka sahihi?

Nikafika daftari la Kiswere. Kurasa za mawe na kina nilizijua. Nyuma kabisa, mahali ambapo wachimbaji hawafungui, kulikuwa na ukurasa wa mikutano, mwandiko wa Inger uliolala. Vitenzi vyote nilivijua, vilikuwa vya kwanza nilivyojifunza: talte, spurgte, sagde, så. Nikavisoma kama mtu anayesomewa hukumu.

Mwanamke nyuma ya ua alisema jambo. Niliuliza. Mkalimani alisema si kitu. Niliona usoni mwake kwamba kilikuwa kitu. Sikuuliza tena. Kosa langu.

Kosa langu! Aliandika yeye, Inger, kosa lake. Siku ileile, kabla hata ya kuchimba, kabla ya chumvi. Aliona, na hakunisema kwa mtu, na hakujisamehe. Nikalia pale kwenye mashine mpaka kaboni ikalowa. Nililia kwa aibu, ndiyo, lakini na kwa mshangao, kwamba mtu anaweza kuwa mnyofu kiasi hicho mahali ambapo hakuna anayemtazama.

Shetani naye hakuchelewa. Akaniambia, ukurasa mmoja tu Zuhura, wa mwisho, nani ataukosa? Lakini Jumatatu Yorani alikuwa anapeleka mtambo Kiswere kuchimba palepale, na mabomba yalikuwa ya mara moja tu. Nikachukua daftari, nikamfuata uani alikokuwa anapaka girisi.

Nikamsomea kwa Kidenishi, kwa sauti. Akaacha girisi.

"Alisema nini huyo mama?" akaniuliza kwa Kiswidi chake.

Nikamjibu kwa Kiswidi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema maneno yangu mwenyewe kwa lugha yao. Miaka yote nilikuwa msomaji tu. Vitenzi vyangu vilitoka na mikia ya Kidenishi na matumbo ya Kinorwe, na nadhani kovu la radi nililiita jeraha la mvua. Yorani hakucheka. Akafuta mikono taratibu, akasema, "Miaka minne umeyashika hayo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi twende tukamuulize mwenyewe."

Mama yule wa nyuma ya ua, Bi Somoe, tulimkuta kwake anasuka ukili wa mkeka. Mwembamba, mrefu, macho ya kukuona mpaka mgongoni.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye kiti."

Nikapiga magoti pale mchangani, nikamweleza yote. Alisubiri nimalize, akageuza ukili upande wa pili.

"Nilijua," akasema. "Mimi nilisema maneno marefu, wewe ukatoa kafupi hivi. Hata kama sijui Kizungu, urefu naujua."

"Nisamehe, mama yangu."

"Chumvi hiyo wajukuu wangu wameinywa, na wewe ulikuwa unakunywa ya bomba Lindi. Kusamehe tutaona. Mnataka nini?"

Nikamwambia. Akasema ataonyesha, ila si nyuma ya ua, na si pembeni kwa kunong'onezana. Atasema barazani, mbele, na mimi nitayasema yote. "Na nitakupima. Nikitoa marefu, ukitoa mafupi, narudi kwenye ukili wangu, nanyi chimbeni bahari."

Nikaenda kwa Mzee Mfaume kumwombea nafasi. Nilitegemea mabishano. Mzee akanyanyua kikombe chake kutoka kwenye kigoda. "Mimi chai yangu nainywa na chumvi mwaka wa nne," akasema. "Mleteni huyo mama, hata aje amepanda paa."

Basi Bi Somoe akaja mbele, amejitanda kanga zake mbili, akasimama karibu na kiti changu. Mimi sikukaa. Alisema juu ya bibi yake, juu ya kisima cha chini na bahari inavyopanda, juu ya mkorosho na kovu lake, juu ya mtoto aliyetumbukia na jina lake, na jinsi alivyosema siku ile na kuambiwa anyamaze. Akisema sentensi ananitazama. Nami naigeuza kwa Kiswidi, yote, pamoja na ile ya kunyamazishwa, na ile ya mkalimani. Wanaume wakaangalia chini. Yorani alikuwa anasikiliza amevua kofia.

Mkorosho ulikuwepo, na kovu lilikuwepo, limefunga magome pembeni. Bi Somoe akahesabu hatua, akakanyaga, akasema hapa. Yorani akachimba. Nilimwona anachota udongo uliotoka, anauramba, anatikisa kichwa kwa mshangao, maana chini ya udongo ule alikuta mawe ya duara yaliyopangwa, ukingo wa kisima cha zamani. Aliyaondoa kwa mikono, moja moja, akayapanga pembeni kwa heshima. Maji yalitoka siku ya tatu, matamu. Lakini hata ya kule chini yalikuwa matamu masika. Hatukupikiwa pilau, kila mtu alisubiri.

Mtambo ukauzwa. Yorani na Terje wakarudi kwao. Kiangazi kilipokolea, nikapanda gari la wilaya kwenda Kiswere na daftari la kisima na kipimo cha chumvi. Kipimo nilikipakata tangu tunatoka Lindi. Nilikuta foleni ya ndoo chini ya mkorosho na Bi Somoe ameshika mkono wa pampu. Nikatoa kipimo.

"Weka pembeni chombo chako," akasema. Akanijazia kata. "Kunywa."

Nikanywa. Tamu. Tamu kabisa, ya baridi, katikati ya kiangazi. Nikanywa yote, nikaomba nyingine, machozi yakanitoka mbele ya wanawake wote wale, nao wakanicheka, na mimi nikacheka.

"Haya," akasema Bi Somoe, "si mna kitabu chenu? Kaandike."

Nikakaa kwenye mawe ya bibi yake, nikafungua nyuma kabisa, chini ya mwandiko wa Inger. Kila mtu aliandika kwa lugha yake mle. Kwa hiyo niliandika kwa yangu, ya kwanza ya Kiswahili katika madaftari yale yote: Mwanamke nyuma ya ua alisema kweli. Mkalimani alisikia, akaficha. Leo, kiangazi, maji ni matamu. Nikaweka sahihi, nikamsomea Bi Somoe aliyekuwa amesimama juu ya kichwa changu.

"Hapo mwanzo," akasema. "Umeandika mwanamke. Mwanamke gani? Sina jina?"

Nikatazama ukurasa. Hata Inger na unyofu wake wote alikuwa ameandika mwanamke. Hakulijua jina, na aliyepaswa kumwambia alikuwa mimi. Nikalikata neno lile kwa mstari mmoja, ili kosa libaki linasomeka, na juu yake nikaandika: Somoe binti Bakari.